Damu ya Mwalimu Abbasi Kwenye Kioo cha Mtihani

Siku ya mtihani wangu niliwekewa tone la damu chini ya hadubini, nikaambiwa nitaje ugonjwa.

Tatizo ni kwamba damu ile ilikuwa ya adui yangu.

Na ugonjwa uliokuwemo mle ndani nilimtia mimi. Kwa mikono yangu hii.

Ngoja. Usipite kwanza.

Kabla hujaniuliza nina miaka mingapi, humu ndani mimi ni Kefa, kijana wa Bahi, mwaka 1912, Mjerumani ndiye serikali. Simu ninayoandikia ni ya leo. Mambo yenyewe siyo ya leo.

Na nyie mnaojiandaa na mitihani ya uuguzi na utabibu, sogeeni mbele kabisa. Humu kuna maksi zenu zimelala.

Naanza na baba.

Baba yangu, Marko, alibeba mizigo ya misafara mpaka pwani, pwani ikamnogea, akakaa huko miaka saba. Alivyorudi Bahi akalala kwenye tembe letu, juu ya sakafu ileile ya udongo aliyozaliwa juu yake.

Siku ya nane akaanza kutetemeka.

Homa, jamani. Kichwa, mgongo, kutapika, siku nne mfululizo. Ya tano jasho likamtoka kama kamwagiwa mtungi, homa ikakatika. Tukashangilia.

Jumbe akamwita kazi ya barabara. Akaenda. Wiki haijaisha, homa hiyo imerudi.

Askari wakampeleka boma, na mimi nyuma yake. Kwenye nyumba ya dawa wakamtoboa kidole, wakaingia na damu ndani. Sisi tukakaa nje barazani, jua linatupiga.

Baadaye akatoka mwanaume mmoja, kanzu nyeupe, kofia safi, karatasi mkononi. Jina lake Abbasi, mtu wa Kolo kule Kondoa, msaidizi mkuu wa Bwana Daktari. Hakututazama usoni. Akasoma kwa sauti mbele ya watu wote:

"Marko wa Bahi. Damu safi. Hana ugonjwa. Anaweza kazi."

Baba akarudishwa barabarani na vidonge vya kwinini. Homa ikatulia, ikarudi mara ya tatu. Akalala pembeni ya mtaro. Wakasema anajifanya.

Hamsa ishirini.

Ndiyo, viboko ishirini na tano, mbele ya watu, kwa kosa la kumdanganya Bwana.

Alikufa siku ya nne.

Unajua kilichoniuma kuliko kaburi? Lile jina. Nikipita kisimani nasikia, "Huyo ni wa yule mwongo." Mama akienda kuomba moto kwa jirani anaulizwa, "Unataka moto wa kweli au wa Marko?" Halafu wanacheka. Kweli kabisa, wanacheka!

Nikaapa. Abbasi lazima akae chini palepale alipokaa baba. Aitwe mwongo. Apigwe zilezile ishirini na tano, isipungue hata moja.

Sikuwa na haja nyingine duniani.

Kusoma na kuandika nilikuwa nimejifunza misheni. Boma likatangaza linatafuta vijana wawili wa kufundishwa kazi ya dawa, miezi minane, halafu mtihani, atakayefaulu zaidi anaajiriwa. Nikaenda. Jina la baba nikalimeza, nikaandikwa Kefa tu.

Siku naondoka mama akanipa kibuyu kidogo, kimezibwa kwa kitambaa. Ndani kuna vumbi la sakafu yetu na papasi wanatembea.

Papasi unamjua? Jamaa wa kupe, ila laini, rangi ya udongo. Anajificha kwenye nyufa za sakafu, ukilala anakuja kunyonya, anarudi zake kulala.

"Mama, hawa wa nini?"

"Wakung'ate mara mojamoja, mwanangu. Hawa ni wa nyumbani. Ukikaa huko bila kung'atwa, siku ukirudi utakuwa mgeni. Utakufa kama baba yako."

Nikaona mama kachanganyikiwa na msiba. Ila nikabeba. Kila Jumapili nilitoa mmoja nikamweka mkononi, kwa heshima ya mama tu.

Sasa fika boma uone. Wanafunzi ni mimi na Elieza wa Kongwa, mcheshi, mvivu, anapenda kula. Mwalimu wetu nani?

Abbasi.

"Shikamoo, mwalimu," nikamwambia. Meno yalikuwa yanasagana.

"Marahaba. Osha mikono."

Neno lake la kwanza kwangu. Osha mikono. Kila asubuhi. Ukisahau anakurudisha mlangoni mbele ya wagonjwa: "Nenda ukaache shamba lako nje, kijana."

Nikawa mwanafunzi bora, na siri ya ubora wangu ni chuki.

Mtu mzima ana mifupa mia mbili na sita. Unajua nilivyoikariri? Niliihesabu kwake. Akiwa amesimama anafundisha, mimi nachagua. Mtulinga, huu naweza kuuvunja. Mbavu, jozi kumi na mbili, hizi moja moja. Mfupa wa paja, ndio mrefu kuliko yote, huo nauacha mwisho.

Moyo una vyumba vinne. Damu chafu inaingia kulia, inasukumwa kwenye mapafu, inarudi kushoto ikiwa safi, inasambazwa mwilini. Mapigo sabini hivi kwa dakika. Nikimshika mkono kujifunza mapigo nilikuwa nahesabu huku nasema moyoni, hesabu yako inaisha, mzee.

Andikeni hiyo, jamani. Chuki ndiyo muache.

Halafu ikaja ile siku.

Abbasi kaweka kioo chini ya hadubini, katuita. "Tazameni kati ya chembe nyekundu. Mnaona nini?"

"Kama nyuzi," Elieza akasema. "Nyuzi zimejikunja kama nywele za mtoto."

"Hiyo ni homa ya papasi. Malaria inakaa ndani ya chembe, hii inaogelea nje. Homa inakaa siku tatu, nne, inakatika kwa jasho. Mgonjwa anajiona kapona. Baada ya wiki inarudi. Inakatika tena, inarudi tena. Na kila ikirudi, nyuzi zinakuwa chache zaidi, usipokuwa na subira huzioni. Kwinini haifanyi kitu hapo. Mmeandika?"

Sikuandika.

Siku nne. Jasho. Wiki. Inarudi.

Huyo ni baba!

Na huyu mtu anajua! Anajua yote, anaifundisha kama anavyosoma Yasini, halafu alisimama pale nje akasema damu safi!

"Kefa, unaumwa?" akaniuliza.

"Hapana, mwalimu. Nimeelewa."

Nilielewa vizuri sana.

Abbasi alikuwa analala kwenye chumba cha mawe, chokaa nyeupe, kitanda cha kamba, safi kama sahani. Miaka kumi hajang'atwa na papasi hata mmoja. Ijumaa mchana akaenda kuswali. Nikaingia na kibuyu changu. Nikafungua kitambaa. Nikamimina vumbi la Bahi lote na papasi wake kwenye mkeka wake na kwenye pembe za kitanda, nikafutia nyayo zangu, nikatoka. Jua limesimama utosini. Wala sikutetemeka.

Siku ya saba Abbasi hakuja darasani.

Nikaenda kumtazama. Kajikunja, meno yanagonga, macho mekundu.

"Pole, mwalimu."

"Ahsante, Kefa. Nipe maji."

Nikampa maji. Nilimpa taratibu, nione vizuri.

Siku ya tano jasho likamtoka, akarudi kazini kakonda, kanzu inaning'inia. Elieza akamwambia, "Mwalimu, tulishaanza kugawana kofia zako." Abbasi akacheka. "Kichwa chako kikubwa, we Elieza, hazikutoshi." Mimi nilikuwa nahesabu siku tu. Nilijua itarudi. Yeye mwenyewe ndiye alinifundisha.

Ikarudi usiku wa kuamkia mtihani.

Sasa sikia hii. Bwana Daktari wetu watu walimwita Bwana Saa, kwa sababu saa haimtoki mkononi, kila kitu anafanya mbiombio. Siku ile alikuwa na mgeni, daktari mkubwa kuliko yeye, kaja na treni kutoka Dar es Salaam kutazama mtihani. Bwana Saa anataka kila kitu kipangwe, vioo, madaftari, meza. Na mpangaji wa vitu ni Abbasi, ambaye amelala anatetemeka.

Bwana Saa akamtoboa kidole, akapaka damu kwenye kioo, akatia rangi, akatazama. Dakika moja haikufika.

"Safi. Wewe leo mvivu, unaona kazi nyingi. Baada ya mtihani, hamsa ishirini."

Askari wawili wakamkalisha barazani, chini ya dirisha la chumba cha mtihani, kajifunika blanketi.

Palepale. Palepale alipokaa baba yangu.

Nilitaka kupiga vigelegele.

Bwana Saa akakichukua kile kioo cha Abbasi akakiweka kwenye mtihani. Alitaka kumwonyesha mgeni jinsi wanafunzi wake wanavyojua kumtambua mwongo.

Elieza akaingia wa kwanza. Akatoka anatabasamu, akaninong'oneza, "Damu safi ile. Sema safi, ndugu yangu, tukale."

Umeona mambo yalivyopangika? Neno moja. Niseme "safi", nafaulu, naajiriwa, na Abbasi anachapwa kwa mdomo wangu mimi, mtoto wa Marko.

Nikaingia. Mifupa, nikajibu. Moyo, nikajibu. Jinsi ya kuchemsha vyombo, nikajibu. Mgeni anaitikia kwa kichwa. Bwana Saa kavimba kama chura kwa furaha.

"Sasa damu. Tazama."

Nikainama. Bwana Saa na mgeni wake wakasogea mlangoni kuwasha tumbaku, wanaongea Kijerumani chao.

Nikatazama. Hakuna. Nikasogeza kioo. Hakuna. Nikasogeza tena na tena, nafanya makusudi, nauchelewesha utamu.

Halafu nikauona.

Uzi mmoja. Zambarau, umejikunja, upo peke yake kati ya chembe nyekundu.

Nikatulia. Najua cha kusema. Safi. Kama alivyosema yeye.

Sauti ikaja kutoka nje ya dirisha, ya chini, imekauka.

"Kefa. Tazama pembeni mwa kioo. Nyuzi hukaa pembeni."

Nikajisogeza dirishani, nikanong'ona. Sikuweza kujizuia, nilitaka ajue kabla hajachapwa.

"Nimeuona, mwalimu. Na nitasema damu safi. Kama ulivyosema kwa Marko wa Bahi."

Akageuza kichwa kuelekea dirishani.

"Marko ni nani yako?"

"Baba yangu."

Nikasikia anavuta pumzi. Nilingoja aombe. Niliitaka sana ile sauti ya kuomba.

Hakuomba.

"Nyuzi kumi na nne," akasema. "Baba yako alikuwa na nyuzi kumi na nne. Nilizihesabu, nikaziandika kwenye daftari. Nikampelekea Bwana. Akasema Mgogo amezaliwa na papasi, haugui homa ya papasi. Futa. Andika safi."

"Ukafuta?"

"Nikafuta. Nikatoka nje nikasoma alichotaka. Niliogopa, Kefa. Kiboko nilishakionja."

Jamani.

Miezi yote ile. Mifupa mia mbili na sita. Nilimhesabu mtu siye! Yule aliyemwua baba alikuwa mlangoni, mita tatu kutoka kwangu, anamwashia mgeni kiberiti.

"Haya, Kefa!" Bwana Saa akarudi, saa mkononi. "Damu hii nini?"

Nikamtazama usoni. Nilimtazama kama nilivyomtazama Abbasi miezi minane.

"Homa ya papasi, Bwana."

Tabasamu likamtoka. "Hapana. Tazama vizuri."

"Nimetazama vizuri. Wewe hukutazama."

Elieza pale nje alisikia, aliniambia baadaye kwamba alianza kuniombea dua ya marehemu.

Bwana Saa akainua mkono. Yule mgeni akamzuia kwa neno moja la Kijerumani, akavua miwani, akainama kwenye hadubini. Nilikuwa nimeuacha uzi wangu katikati kabisa. Alitazama muda mrefu. Alipoinuka hakunitazama mimi, alimtazama mwenzake, na masikio ya Bwana Saa yakaiva kama nyanya.

Akanigeukia. "Watu wa hapa hawaugui hii. Kwa nini huyu anaugua?"

Nikajua hapa ndipo penyewe.

"Bwana Mkubwa, mtu anayeng'atwa na papasi wa kwao tangu mtoto, mwili wake unajifunza kupigana nao. Hiyo ni kinga. Lakini akikaa miaka mingi bila kung'atwa, mwili unasahau, anakuwa mgeni. Baba yangu alikaa pwani miaka saba. Akarudi, akaugua, Bwana huyu akasema ni mwongo, akachapwa, akafa. Anaitwa Marko wa Bahi. Naomba iandikwe kwenye daftari."

"Nani alikufundisha hayo ya kinga?"

"Mama yangu. Hajui kusoma."

Mgeni akaagiza daftari. Ukurasa ukatafutwa, ukaonekana, na kweli, chini ya neno "safi" karatasi imekwaruzwa. Akaandika mwenyewe kwa wino. Akatoka barazani akasoma mbele ya askari na wagonjwa na watu wa Bahi walioleta ng'ombe: Marko wa Bahi alikuwa mgonjwa. Hakudanganya.

Nililia, sifichi.

Na ningekomea hapo ingekuwa tamu. Lakini mgeni alikuwa mtu wa akili. Akauliza:

"Huyu Abbasi analala chumba cha mawe. Papasi wametoka wapi?"

Moyo, vyumba vyote vinne, ukasimama.

Abbasi aliniangalia. Nikaona anavyopiga hesabu: kijana wa Bahi, mtoto wa Marko, Ijumaa. Ikakamilika machoni pake. Alijua.

"Niliwaleta mwenyewe, Bwana," akasema. "Nilinunua mkeka mkuukuu sokoni."

Jioni nilimpelekea uji. Nikamuuliza kwa nini.

"Usidhani nimekusamehe," akasema. "Baba yako nilimfuta mimi, na hilo nimelilipa leo. La kwako liko palepale. Utajua mwenyewe utakavyolilipa."

Abbasi alifutiwa viboko, akachomwa ile sindano mpya iliyotoka Ulaya, homa ikakoma. Bwana Saa alihamishwa na treni, masanduku saba, mdomoni kiko, hata kofi moja hakupigwa. Yule hata leo simsamehe, na wewe usiniombe nimsamehe.

Mimi nikaajiriwa.

Mwezi mmoja baadaye, saa nne asubuhi, Abbasi alikaa kwenye hadubini. Kioo cha mtoto mwenye homa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa wiki mbili, yanamuuma kwenye mwanga, tukasema vumbi.

Akainama. Akazungusha. Akafuta kioo kwa kitambaa, akainama tena.

"Kefa, fungua dirisha. Mbona giza humu?"

Dirisha lilikuwa wazi. Jua lilikuwa limejaa mezani.

Homa ya papasi inaweza kula macho. Kwenye mafunzo yetu halikutajwa, kwa hiyo nyie liandikeni, linatoka kwenye mtihani. Macho yale ndiyo pekee pale boma yaliyohesabu nyuzi kumi na nne za baba yangu, na mimi ndiye niliyeyazima.

Somo langu nawapa bila kuzunguka. Ukimtumia mtu ugonjwa, huwezi kuuagiza uishie wapi. Nilitaka viboko ishirini na tano tu, nilikuwa nimevihesabu kabisa. Ugonjwa haukuniuliza.

Abbasi aliishi miaka mingine kumi na tisa. Kila asubuhi nilimsomea vioo. Nikimaliza kila kimoja alikuwa ananiuliza, "Una uhakika?"

Sikuwahi kumjibu haraka.